Panga traki kama ghala: Studio ndogo iokoe muda, mteja asilipe mara mbili

MFANYABIASHARA wa nafaka anayejua kazi yake hamwagi mahindi, maharage na ufuta kwenye lundo moja, kisha akasubiri mnunuzi afike ndipo aanze kuchambua. Huchambua kwanza, hupanga madaraja, huandika alama kwenye magunia, na mnunuzi akifika biashara huchukua dakika chache.

Katika biashara ya studio ndogo za kurekodi sauti, utaratibu huo ni rahisi kurukwa. Kwaya inamaliza kuimba, mwenye duka la pembejeo anamaliza kusoma tangazo lake la redio, na prodyuza anaanza moja kwa moja kupandisha na kushusha sauti wakati kompyuta yake imejaa vipande visivyo na majina. Kazi hutoka, lakini huchelewa. Mteja akirudi baada ya miezi mitatu kutaka marekebisho madogo, hakuna anayejua kipi kiko wapi.

Hasara hiyo haionekani kwenye daftari la matumizi kama inavyoonekana bili ya umeme au kodi ya pango. Hata hivyo ipo, inahesabika, na dawa yake haihitaji kununua kifaa chochote.

Kwa nini traki zimekuwa nyingi

Traki ni mstari mmoja ndani ya programu ya kurekodi, unaobeba sauti moja: gitaa la solo, mwimbaji kiongozi, tumba, au maneno ya mtangazaji. Kumiksi ni kuzichanganya traki hizo zote mpaka zibaki sauti mbili tu, ya kushoto na ya kulia, ambazo msikilizaji huzipata kwenye redio au simu yake.

Katika miaka ya 1970, bendi za muziki wa dansi zilizorekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga wanamuziki wote kwa pamoja. Uwiano wa sauti ulipatikana palepale, kwa kupanga vipaza sauti na kuwasogeza wapigaji mbele au nyuma. Wimbo ukiisha, kazi imeisha. Hapakuwa na kitu kingi cha kupanga baadaye.

Kompyuta imeondoa mpaka huo. Kwa programu kama Cubase, Pro Tools, FL Studio au Reaper, kila chombo na kila mwimbaji anaweza kupewa traki yake na kurekodiwa siku yake. Huo ni uhuru mkubwa, lakini umeleta kazi mpya ya kusimamia mali nyingi ndani ya chumba kidogo.

Chukulia kwaya ya kanisa inayorekodi wimbo mmoja wenye dramu traki 8, tumba na manyanga traki 4, gitaa la besi 1, magitaa mengine 5, vinanda 4, waimbaji viongozi 2, na kwaya yenyewe traki 16, yaani sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja ikiimba mara nne ili isikike nene. Jumla ni traki 40. Hakuna kioo cha kompyuta ya kawaida kinachoonyesha traki 40 kwa pamoja zikasomeka vizuri.

Gharama ya fujo

Mwenye studio anaweza kuifanya hesabu hii mwenyewe. Chukulia kwamba traki hizo 40 zimebaki na majina yaliyowekwa na kompyuta, "Audio 1" mpaka "Audio 40", na kwamba kila anapotaka kugusa traki fulani prodyuza hutumia sekunde 15 kuitafuta. Akihitaji kutafuta mara 200 katika wimbo mmoja, atakuwa ametumia sekunde 3,000, sawa na dakika 50, bila kuongeza ubora wowote.

Ikiwa saa moja ya studio ina thamani ya Sh15,000, dakika hizo 50 ni Sh12,500. Kwa albamu ya nyimbo 10 hasara inafika Sh125,000. Kwa upande mwingine, kupanga traki 40 kabla ya kuanza kunaweza kuchukua dakika 15 kwa kila wimbo, ambazo kwa nyimbo 10 ni saa mbili na nusu, au Sh37,500. Tofauti ni Sh87,500. Namba hizi ni za mfano tu, na kila studio iweke bei zake na muda wake. Mwelekeo wa hesabu ndio wa kuzingatia: muda wa kupanga hulipwa mara moja kwa kila wimbo, na muda wa kutafuta hulipwa kila saa mpaka kazi ikabidhiwe.

Studio inayotoza kwa wimbo badala ya saa huibeba hasara hiyo yenyewe. Ile inayotoza kwa saa humbebesha mteja, na mteja aliyechoka kulipia kutafuta huhamia studio ya jirani.

Hatua ya kwanza: jina, rangi na mahali

Kabla ya kugusa feda, yaani kile kidude kinachosukumwa juu au chini ili kuongeza au kupunguza sauti, prodyuza makini hufanya mambo manne.

Kwanza, hutoa jina fupi linaloanza na kundi, kama vile "KWAYA alto 1", "KWAYA alto 2", "DRAMU kiki", "GITAA solo". Jina likianza na kundi, traki zinatambulika hata zikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine.

Pili, hutoa rangi moja kwa kila kundi na kuishika rangi hiyo katika kila kazi. Dramu zikiwa nyekundu leo, ziwe nyekundu na mwaka kesho. Jicho huizoea rangi haraka kuliko linavyosoma herufi.

Tatu, huweka makundi katika mpangilio usiobadilika. Wengi huanza na dramu juu, kisha vyombo vingine vya kugonga, besi, magitaa, vinanda, na waimbaji chini kabisa. Mpangilio wowote unafaa, mradi uwe uleule.

Nne, huondoa takataka: traki tupu, marudio yaliyokataliwa, na ukimya wenye kelele za feni au jogoo wa jirani. Kilichokataliwa kisifutwe moja kwa moja, bali kizimwe na kufichwa, kwa kuwa mwenye kwaya anaweza kubadili mawazo.

Mpangilio huo ukishakamilika, uhifadhiwe kama kiolezo kitupu. Kazi inayofuata itaanza na makundi, majina na rangi tayari, na zile dakika 15 zitapungua.

Makundi ni ya aina tatu

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa neno "kundi" ndani ya programu hizi lina maana tatu tofauti.

Aina ya kwanza ni folda ya macho tu. Traki 16 za kwaya huingizwa ndani yake, hukunjwa, na kioo kinabaki na mstari mmoja. Sauti haipiti humo wala haibadiliki. Ni kama kuyasogeza magunia ya mahindi kona moja ya ghala: yanaonekana vizuri, lakini hayajapimwa wala kupakiwa.

Aina ya pili ni chaneli ya kundi. Hapa sauti za traki zote 16 hutoka kwenye njia zao na kumiminika katika chaneli moja kabla ya kwenda kwenye mkondo mkuu. Kwaya yote sasa ina feda moja, na kifaa chochote kitakachowekwa hapo kitaishughulikia kama kitu kimoja. Mfano ni kompresa, ambayo kazi yake ni kubana sauti zilizopanda kupita kiasi ili zikae karibu na nyingine.

Aina ya tatu ni kundi la kuongoza kwa mbali, ambalo programu nyingi huliita VCA, jina lililorithiwa kutoka meza za kumiksia za zamani. Sauti haipiti ndani yake. Feda ya VCA huamuru tu feda za wanachama wake zipande au zishuke kwa kiasi kilekile, huku tofauti kati yao ikibaki kama ilivyokuwa.

Programu hazifanani katika jambo hili. Katika Reaper, folda ya kawaida hupitisha sauti yenyewe, hivyo ni folda na chaneli ya kundi kwa wakati mmoja. Logic, tangu toleo la mwaka 2013, inamtaka mtumiaji achague kati ya folda tupu na ile inayojumlisha sauti. Pro Tools iliongeza folda zinazopitisha sauti mwaka 2020. Ableton Live ilianza kuwa na traki za kundi mwaka 2009. Katika FL Studio, mtumiaji huelekeza sauti kutoka chaneli moja ya miksa kwenda nyingine. Anayehama programu moja kwenda nyingine asidhani kwamba folda ni folda tu kila mahali.

Mwangwi unaobaki nyuma

Tofauti ya aina hizi huonekana wazi kazi inapokuwa na riverbu, yaani ule mwangwi unaofanya sauti ionekane imeimbwa ndani ya ukumbi au kanisa.

Chukulia kwamba kila traki kati ya zile 16 za kwaya inatuma sehemu ya sauti yake kwenye riverbu, na riverbu hiyo inaelekea moja kwa moja kwenye mkondo mkuu. Prodyuza anaona kwaya imezidi, anashusha feda ya chaneli ya kundi. Sauti za waimbaji zinashuka, lakini mwangwi wao unabaki palepale, kwa sababu ulichukuliwa kabla sauti hazijafika kwenye chaneli ya kundi. Matokeo yake, kwaya inasikika kana kwamba imerudi nyuma mpaka mlangoni mwa kanisa. Prodyuza asiyejua chanzo huanza kuhangaika na riverbu yenyewe, na saa nzima inaweza kupotea.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza ni kuituma riverbu kutoka kwenye chaneli ya kundi badala ya kutoka kwenye kila traki. Ya pili ni kuielekeza riverbu ya kwaya iingie katika chaneli ileile ya kundi. Ya tatu ni kutumia VCA, ambayo hushusha feda za traki zenyewe, na mwangwi uliotumwa baada ya feda hushuka nazo.

Kompresa nayo ina mtego wake. Ikiwa imewekwa kwenye chaneli ya kundi, kushusha feda ya kundi hupunguza sauti iliyokwisha kubanwa. Kushusha traki moja moja, au kuzishusha kwa VCA, hupunguza kinachoingia kwenye kompresa, hivyo nayo hubana kidogo kuliko mwanzo. Njia zote ni halali, lakini hazitoi sauti ileile.

Kosa la tatu ni traki moja kupita njia mbili. Inapelekwa kwenye chaneli ya kundi, lakini njia yake ya zamani kwenda mkondo mkuu haijafungwa. Sauti ileile ikijumlishwa mara mbili kwa nguvu sawa hupanda kwa desibeli 6, na prodyuza hushangaa kwa nini sauti haipungui sana hata feda ya kundi ikishushwa mpaka chini. Jaribio la haraka ni kuizima chaneli ya kundi: kitu chochote cha kundi hilo kikiendelea kusikika, kuna mlango wa nyuma uliobaki wazi.

Hesabu ya sauti zinazojumlishwa

Sauti mbili tofauti zenye nguvu sawa zikijumlishwa, kwa kawaida jumla hupanda kwa desibeli 3. Zikiwa nne hupanda 6, nane hupanda 9, na traki 16 za kwaya hupanda karibu desibeli 12 kuliko traki moja. Ndiyo maana kila traki ikisikilizwa peke yake inaonekana imetulia, lakini zikiunganishwa taa nyekundu inawaka.

Programu za leo hukokotoa sauti ndani yake kwa namba zenye nafasi kubwa, hivyo chaneli ya ndani haiharibiki papo hapo ikipita kiwango cha sifuri. Tatizo huja sauti inapotoka kwenda kwenye spika au kwenye faili ya biti 16, kama ile ya CD. Hapo, kila kinachozidi sifuri hukatwa, na msikilizaji husikia mkwaruzo. Makundi humwezesha prodyuza kuona mapema ni kundi gani linaloleta mzigo huo, na kulishusha kwa mkono mmoja bila kuvuruga uwiano wa waimbaji.

Makundi pia huisaidia kompyuta dhaifu. Riverbu ni moja ya vifaa vinavyokula nguvu nyingi za kompyuta. Kuiweka mara 16, moja kwa kila traki, kunaweza kuifanya mashine ya zamani ikwame. Riverbu moja inayotumiwa na kwaya nzima hufanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya mzigo, na waimbaji husikika wako katika ukumbi mmoja.

Mteja anaporudi

Faida kubwa ya makundi hujitokeza baada ya kazi kukabidhiwa. Fikiria mwenye duka la pembejeo aliyelipia tangazo la sekunde 30 kabla ya msimu wa masika. Lina makundi matatu: maneno, muziki, na milio kama ya trekta na ng'ombe. Msimu wa vuli unakuja, bei ya mbolea imebadilika, na tangazo linahitaji sentensi moja mpya.

Studio iliyohifadhi makundi yake humwita msomaji, hurekodi sentensi hiyo, huiweka katika kundi la maneno, na kazi imekwisha. Iliyohifadhi faili moja tu iliyochanganywa italazimika kurekodi tangazo zima upya, na kuna mtu atakayelipa. Ni kweli kwamba zipo programu zinazojaribu kutenganisha sauti ya mtu na muziki kutoka kwenye faili moja, kama Spleeter iliyotolewa na kampuni ya Deezer mwaka 2019. Hata hivyo, sauti iliyotenganishwa kwa njia hiyo mara nyingi hubaki na mabaki ya ile nyingine.

Kwaya nayo hurudi. Leo inataka wimbo kamili, kesho inataka muziki bila waimbaji ili iimbe juu yake kwenye mkutano wa injili, keshokutwa inataka sauti za kwaya peke yake kwa ajili ya kufundishia wanachama wapya. Kwa kazi iliyopangwa, kila moja ya haja hizo ni suala la kuzima kundi moja na kutoa faili mpya.

Ndiyo sababu inashauriwa kutoa stemu mwisho wa kila kazi. Stemu ni faili moja kwa kila kundi: dramu zote, magitaa yote, kwaya yote, na kadhalika. Zote zianze sekunde ileile ya mwanzo, hata kama kundi linaingia katikati ya wimbo, ili zikipangwa tena zilingane. Namna ya kuhakiki ni kuziweka katika kazi mpya, feda zote zikiwa sifuri, na kusikiliza kama wimbo uleule unarudi. Ikiwa mkondo mkuu ulikuwa na kompresa, jumla haitalingana kabisa, na hilo mteja aelezwe.

Kuhusu uhifadhi, traki moja isiyo na kushoto na kulia, kwa biti 24 na kilohezi 48, hula megabaiti 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye traki 40 zilizojaa hufika karibu gigabaiti 1.7, na nyimbo 10 ni kama gigabaiti 17. Stemu saba za kushoto na kulia za wimbo huohuo ni karibu megabaiti 605, na albamu nzima ni gigabaiti 6 hivi. Albamu hiyo inaenea kwenye flashi ya gigabaiti 8. Mteja abaki na nakala yake, na studio ibaki na mbili katika diski tofauti, kwa kuwa diski moja inayokufa huondoka na kazi zote zilizomo.

Mambo ya kuafikiana kabla ya kulipa

Kwa anayetaka kufungua studio, programu si kikwazo kikubwa. Reaper hujaribiwa kwa siku 60, na leseni yake ya punguzo ni dola 60 za Marekani kwa biashara yenye mapato ghafi yasiyozidi dola 20,000 kwa mwaka. Anayezidi hapo hulipa dola 225. Kiolezo chenye makundi yaliyopangwa vizuri hakina bei.

Kwa kikundi cha kwaya, chama cha ushirika au mwenye duka anayelipia kurekodi, ni vyema mambo matatu yaafikiwe kwa maandishi kabla ya malipo ya kwanza. Je, bei inajumuisha stemu? Je, studio itatunza kazi yenyewe kwa muda gani? Je, marekebisho ya sentensi moja au sauti moja yatatozwa kiasi gani?

Studio iliyopanga traki zake itajibu maswali hayo bila kusita, kwa kuwa inajua marekebisho ya sentensi moja ni kazi ya dakika chache. Ile isiyopanga haiwezi kujua, kwa hiyo itakadiria bei ya juu ili isipate hasara. Kama ilivyo kwenye mazao, aliyechambua na kupima ndiye anayeweza kutaja bei kwa uhakika, na mnunuzi aliyeuliza mapema hashangazwi siku ya kuchukua mzigo wake.